Maneno ya Batuli na Gitaa la Lukeba

Mjini Rumonge, ufukoni mwa ziwa huko Burundi, miaka ile Bujumbura ikiitwa bado Usumbura, mtu aliyetaka habari za dunia hakuhangaika kwenda posta wala misheni. Alipita nyuma ya msikiti, akapiga hodi uani kwa Batuli binti Feruzi, akatafuta kigoda.

Ua huo ulikuwa wa kupasulia mise. Mawese yakishakamuliwa, kokwa za mchikichi, ndizo mise, hubaki, ngumu kama kichwa cha mkaidi, nazo hazifunguki ila kwa jiwe juu ya jiwe. Wanawake wa mtaa walizileta kwa vikapu, wakakaa duara miguu wameinyoosha, wakagonga tangu jua la asubuhi mpaka adhuhuri. Kelele yake uliisikia kutoka ziwani. Lakini ilipofika saa ya habari, Batuli aliinua mkono, na mawe yote yakanyamaza kwa pamoja.

Redio ilikuwa ya mumewe, Asmani, dereva wa lori la mawese, mtu mrefu asiyependa kusema. Aliinunua Usumbura katika duka la Mgiriki, transista ndogo yenye koti la ngozi lililotobolewa matundu mbele. Alipoileta nyumbani aliitundika kwenye msumari wa nguzo ya baraza, akasema, "Hii hapa," kisha akaenda kulala. Mawe ya redio, yaani betri, yalipochoka, Batuli aliyaanika juani kwenye ungo pamoja na mise, na jioni yalipata nguvu ya kusema tena kidogo.

Redio wengine pia walikuwa nazo, mmoja hapa, mmoja kule. Watu walimfuata Batuli kwa ajili ya Batuli. Baba yake alikuwa mtu wa Ujiji, mama yake Mubembe wa ng'ambo ya ziwa, na yeye mwenyewe alizaliwa Rumonge kati ya Warundi. Usichana wake aliumaliza akilea watoto wa Mbelgiji mwenye shamba la pamba, kwa hiyo Kifaransa kilimwingia masikioni pamoja na kilio cha watoto wale. Redio iliposema lugha yoyote, yeye aliitafuna kwanza, akawatemea wenzake ikiwa Kiswahili. Na hakuwatemea habari tupu. Aliongeza neno lake mwenyewe mwishoni, neno moja tu, kama mtu anavyokamulia ndimu kwenye mchuzi. Hilo neno ndilo watu walilolifuata.

Basi ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa sitini, Kongo imepata uhuru juzijuzi na tayari mambo yamechacha. Siku hiyo redio ilisema Kifaransa cha haraka, na Batuli akasikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Wanasemaje?" akauliza Esha, jirani yake, aliyekuwa na mimba kubwa hata kikapu chake cha mise alikiweka ubavuni kwa kukosa mapaja.

"Rais wa Kongo amemfukuza kazi waziri mkuu."

"Haya. Na waziri mkuu?"

"Naye amemfukuza rais."

Wanawake wakatazamana. "Sasa aliyebaki ni nani?"

Batuli akachukua kokwa, akaiweka juu ya jiwe. "Mume kampa mke talaka, mke naye kampa mume talaka. Kila mmoja katoka na mkeka wake," akasema. "Nyumba ni ya mvua."

Akapiga, kokwa ikapasuka.

Walicheka wale wanawake! Aliyecheka zaidi ni Esha, aliyeinama, akainuka, akainama tena, kisha akashika kiuno na uso ukabadilika. Walimbeba mpaka chumbani kwa Batuli, na kabla ya magharibi alikuwa amezaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kutosha. Walipomuuliza jina, Esha alijifuta jasho akasema, "Mimi sikujua kama kicheko kinazaa." Basi mtoto akaitwa Sikujua.

Neno lile la Batuli lilitoka uani likaenda zake. Wavuvi wawili walipogombania mtumbwi mpaka ukaoza ufukweni, watu walisema, nyumba ni ya mvua. Ndugu walipokataa kugawana shamba la michikichi na nyani wakala chikichi zote, nyumba ni ya mvua. Lilifika Muhuta, lilifika Kabonga karibu na mpaka wa Tanganyika, na kila aliyelisema alijua limetoka kwa Batuli wa mise.

Uhuru wa Burundi ulikuja mwaka wa sitini na mbili, mwezi wa saba. Batuli alivaa kitenge kipya, akasimama juani na watu wengine wote, akapiga vigelegele bendera ilipopanda. Jioni walimwuliza neno lake. Alifikiri sana, maana sasa mambo yalikuwa ya nyumbani. "Uhuru ni kama redio mpya," alisema. "Siku ya kwanza mnacheza. Siku zinazofuata mnatafuta mawe." Asmani, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, alitingisha kichwa kukubali, na kwa Asmani hiyo ilikuwa hotuba.

Miaka mitatu baadaye palikuwa na arusi kubwa mtaani, na mpiga gitaa aliletwa kutoka Bujumbura. Jina lake Lukeba, Mkongomani wa Uvira aliyehamia Buyenzi, mtaa wa mji huo, kijana mwembamba mwenye suruali ya kubana na vidole virefu. Arusi iliendelea, chakula kikapungua, na aliyemwona mpiga gitaa ana njaa ni Batuli. Alimkalisha uani kwake, akampa ugali wa muhogo na mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma, akamwacha ale akisikiliza mazungumzo ya wanawake. Lukeba alikula, akacheka, akauliza maana ya hili na lile. Kisha akasema "Asante, mama, Mungu akuzidishie," akabeba gitaa lake.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, wa sitini na sita, wanawake walikuwa wakigonga mise na redio ikicheza nyimbo za salamu. Ghafla Esha akaacha kugonga, akifuatwa na wa pili na wa tatu. Bila Batuli kuinua mkono, ua mzima ukanyamaza.

Redioni gitaa lilikuwa likitiririka, na sauti ya kijana ikiimba:

*Mume katoka na mkeka,*
*mke katoka na mkeka,*
*nani atalala ndani?*
*Nyumba ni ya mvua, mama,*
*nyumba ni ya mvua.*

"Batuli!" Esha akapiga makofi. "Batuli, unaimbwa!"

Wimbo ulipokwisha mtangazaji akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kuwa mtunzi wa maneno na muziki alikuwa Lukeba wa Buyenzi.

Kilichompata Batuli kilikuwa hivi: ni kama kwenda karamuni ukakuta mwanamke mwingine amevaa kitenge chako. Kimemkaa vizuri, watu wanakisifu, na wewe hakukuomba. Usiku ule alipoosha sahani alijikuta anauimba, akakasirika, akanyamaza, akaanza tena.

Wiki hiyohiyo alipanda lori la mumewe, akaketi mbele kati ya Asmani na utingo, mapipa ya mawese yakilia nyuma yao. Walipita Muhuta, wakapita Kabezi, ziwa likiwa mkono wa kushoto njia nzima, na Asmani hakumwuliza anakwenda kufanya nini. Alimshusha Buyenzi akasema, "Nitakupitia saa kumi."

Lukeba alikuwa nyumbani, anabadilisha nyuzi za gitaa. Alipomwona alisimama kwa heshima kweli.

"Mama Batuli! Karibu, kaa kwa kiti. Umesikia wimbo?"

"Nimeusikia. Nimesikia na jina la mtunzi."

Kijana akakuna shingo. Alimtuma mtu soda, akamfungulia mwenyewe. Kisha akasema, "Mama, maneno ni kama samaki ya ziwa. Hayana mwenyewe mpaka mtu anayavua."

"Samaki wa ziwani, sawa," akasema Batuli. "Lakini wewe hukuvua ziwani, baba. Umechukua kwenye sahani yangu, na sahani yenyewe nilikupa mimi ule."

"Kule redio iko na sheria," Lukeba akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Wazungu waliiacha. Haki ya mtunzi. Mwenye kuleta wimbo, anaweka jina, ni wake."

"Kwa hiyo chungu ni cha aliyekipeleka sokoni. Aliyekifinyanga hana habari nacho."

"Mama, wewe ulisema tu. Mimi nimetia muziki."

"Na bila kusema kwangu, ungetia muziki kwenye nini?"

Lukeba hakurudisha kitu. Alimwimbia wimbo mzima pale sebuleni, kwa gitaa tupu, akidhani utamlainisha. Na kwa kweli ulimlainisha, ndiyo sababu Batuli aliondoka na hasira mbili badala ya moja. Njiani Asmani alimtazama mara moja. "Wimbo ni mzuri lakini," akasema. Batuli akageukia ziwa mpaka Rumonge.

Mwaka ule nchi yenyewe ilibadilisha wakubwa mara mbili. Kwanza mfalme mzee akaondolewa na mwanawe, kisha, kabla ya mwaka kufunga, ufalme wote ukaisha, na redio ikatangaza kwamba Burundi sasa ni republika na ina rais. Uani wanawake waliacha kugonga wakamtazama Batuli. Esha akauliza, "Rais na mfalme wana tofauti gani?"

Batuli aliangalia mlangoni kwanza. "Mfalme anazaliwa," akasema, "rais anatangazwa." Hakuongeza ndimu. Akachukua jiwe lake, na wengine wakaelewa kwamba kwa habari za nyumbani siku hizo, mise ndiyo ipasuliwe.

Lakini wimbo wa Lukeba haukujua adabu hiyo. Uliendelea kuchezwa. Na maneno yaliyochekesha wakati wa kiangazi yalianza kusikika vingine mvua zilipoanza. Mume katoka, mke katoka, nani atalala ndani? Walevi waliuimba wakikonyezana.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, mwezi wa kwanza wa sitini na saba, Lukeba aliposhuka kwenye lori la watu mbele ya msikiti, suruali yake ya kubana imerukiwa na matope mpaka magotini. Aliingia uani kwa Batuli bila hodi.

"Mama, niko na shida. Wameniuliza."

"Nani?"

"Wakubwa. Wanasema wimbo unatukana serikali. Wanataka kujua maneno yametoka wapi. Nimewaambia..." Akajifuta matope. "Nimewaambia maneno ni yako. Wamesema twende kwa komiseri wa hapa, wewe na mimi, leo hii."

Batuli akamtazama kwa muda. "Mwaka jana yalikuwa samaki wa ziwa," akasema. "Leo ni ya kwangu?"

Kijana akainamisha kichwa.

Esha alimvuta Batuli mpaka jikoni. "Mkane! Sema humjui. Sema wewe ni mama wa mise, nyimbo za Buyenzi zinakuhusu nini? Jina la redioni ni lake, na mzigo uwe wake."

Asmani alikuwa amesimama mlangoni, na ajabu ya siku hiyo, naye alisema. "Ukikana, unarudi kuendelea na kazi. Ukikubali, sijui."

Batuli aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliogopa, wala hakulificha hilo. Akawaza jinsi alivyosafiri kutwa nzima kudai kilicho chake, akawaza na kijana yule aliyelowa pale nje, asiyeweza hata kuinua macho.

"Mtoto wako akivunja chungu cha jirani," akasema mwishoni, "unaweza kumkana? Utamchapa, ndiyo. Utamwombea radhi. Lakini ni wako. Mimi nilidai maneno haya yakiwa yanachezewa. Nitayadai na yakishitakiwa." Kisha akawa kama aliyekumbuka kitu, akainuka. "Esha, niazime Sikujua."

"Wa nini?"

"Niazime tu. Mvishe gauni la sikukuu."

Komiseri, mkuu wa serikali pale wilayani, alikuwa mtu wa milimani, si wa pwani ya ziwa, na Kiswahili chake kilitembea kwa mkongojo. Alikuwa amechoka. Mezani kwake palikuwa na chai iliyopoa. Aliwatazama mmoja mmoja: kijana mwenye matope, mama wa makamo katika kitenge safi, na msichana mdogo aliyejificha nyuma ya kitenge hicho.

"Amahoro, bwana mukubwa," akasema Batuli.

"Amahoro. Weye ni nani?"

"Batuli binti Feruzi. Napasua mise."

"Iyi wimbo, maneno iko yako?"

Lukeba akafungua kinywa, akakifunga.

"Ni yangu," akasema Batuli.

Komiseri akaegemea kiti. "Kwa hiyo ni weye unasema nyumba ya Burundi haina mwenyewe. Mufalume ametoka, mvua inaingia."

"Hapana, bwana mukubwa. Hiyo nyumba si ya hapa, ni ya Kongo. Nilisema siku ile rais wao na waziri mkuu wao walifukuzana kwa redio. Mwaka wa sitini. Burundi ilikuwa haijawa hata na bendera."

"Kila mutu anaweza kusema vile leo."

"Kweli. Ndiyo maana nimekuja na shahidi." Batuli akamtoa Sikujua nyuma yake, akampeleka mbele ya meza. "Huyu alizaliwa siku moja na maneno yangu. Mama yake alicheka niliposema, uchungu ukamshika palepale. Uliza mtaa wote kwa nini anaitwa Sikujua. Mwanangu, fungua kinywa."

Sikujua akafungua kinywa. Meno ya mbele juu hayakuwapo, na la chini moja lilikuwa linaning'inia.

Komiseri akainama juu ya meza, akatazama kinywa kile kama mtu anayenunua mbuzi. Akanyoosha kidole, akaligusa lile jino kidogo, likatikisika. Uso wake ukaanza kulegea.

"Yangu imeanguka mbili juzi," akasema. "Ya mutoto wangu. Amezitupa juu ya nyumba."

"Mtoto wa meno kutoka ana umri gani, bwana mukubwa? Na republika yetu ina umri gani?"

Mvua ilipiga bati. Halafu komiseri akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka chai iliyopoa ikatetemeka kikombeni. Sikujua, aliyedhani anachekwa yeye, akafunga kinywa.

Alipomaliza akajifuta macho, akauliza kwa upole uliokuwa na mtego ndani yake: "Na rais wetu sisi, mama, unamusemaje?"

"Bwana mukubwa," akasema Batuli, "redio yangu mawe yake ni dhaifu. Inashika Kongo tu."

Komiseri akamtazama sana. Kisha akachukua kalamu. Alisema ataandika kwamba wimbo ni wa zamani na wa nchi nyingine, lakini kuanzia sasa redioni waseme wazi ni wa lini na maneno ni ya nani, watu wasije wakaota ndoto zao. Akamwonyesha Lukeba kalamu. "Na weye, siku ingine uliza mwenyewe kwanza. Ungemuliza yeye, ungejua kutujibu sisi."

"Murakoze, bwana mukubwa," wakashukuru wote wawili, na nje Lukeba alikaa chini kwenye ngazi palepale mvuani, akalia kidogo. Batuli alimfunika na upande wa kitenge chake, akamwacha amalize, kisha akampeleka nyumbani kula.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, wiki chache baadaye, mawe yakiwa yamenyamaza uani, mtangazaji yuleyule wa sauti iliyoshiba alisema: "Wimbo huu unahusu mambo ya Kongo ya mwaka elfu moja mia tisa na sitini. Muziki ni wa Lukeba wa Buyenzi. Maneno ni ya Mama Batuli binti Feruzi, wa Rumonge." Na kila ulipochezwa, alilazimika kuyasema yote. Wanawake walipenda utangulizi ule kuliko wimbo wenyewe. Ni Esha tu aliyenuna siku nzima, akidai kwamba na jina lake lingetajwa, kwa kuwa Batuli alisema tu lakini yeye alizaa.

Miaka ya uchungu ilikuja baadaye. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji nchini, baadhi ya waliokuwa wakigonga mise pale walivuka ziwa, na wengine hawakuonekana tena. Batuli hakutia neno lake juu ya mwaka huo, wakati ule wala baadaye, na aliyemwuliza alipewa maji ya kunywa. Lakini kabla ya hapo walikuwa na miaka mitano mizuri, na mtu hapaswi kunyimwa hesabu ya mema yake kwa sababu ya yaliyofuata.

Katika miaka hiyo mitano Lukeba alizoea kuja kila alipopata gari. Alikaa kwenye kigoda na gitaa mapajani, akisikiliza, na neno likimpendeza aliinua kidole kama mwanafunzi. "Mama, hili naomba." Batuli aliwaza. Mengine alimpa. Mengine alisema bado mabichi, yaache.

Siku moja Asmani alirudi kutoka safari ya Nyanza-Lac, mvua imekula barabara, lori limezama mara nne. Alipita uani, akanywa maji, akasema kwa kujisemea tu, "Barabara mbovu imefanya kila dereva kuwa mcha Mungu," akaingia ndani.

Kidole cha Lukeba kilikuwa tayari juu. "Mama, hilo naomba!"

"Hilo si langu," akasema Batuli. "Ni la Bwana Asmani. Muulize mwenyewe."

Lukeba akaenda mlangoni, akapiga hodi, akaeleza haja yake kwa adabu zote. Kisha wanawake wakasikia sanduku la nguo likifunguliwa. Esha akachungulia, akarudi ameziba kinywa kwa mkono.

"Anafanya nini?" wakauliza.

"Anavaa kanzu," akasema Esha. "Anasema jambo hilo halijibiwi na suruali ya lori."